"Tuko tu" si "tuko vizuri": Fundisho la mama mmoja wa Lobule

UKIFIKA Lobule siku ya soko, utasikia lugha nne kabla hujashuka kwenye pikipiki. Wenyeji wanasemezana kwa Kikakwa. Wachuuzi kutoka upande wa Ingbokolo wanapatana bei kwa Kibangala, na mwenye mizigo kutoka Arua anamfokea mpagazi wake kwa Kilugbara. Pale ambapo hakuna anayemwelewa mwenzake, Kiswahili ndicho kinachoamua ugomvi.

Mahali kama hapa hapakosi mgeni mwenye daftari. Tangu makazi ya wakimbizi kutoka Kongo yafunguliwe hapa mwaka 2013, wanafunzi wa vyuo vikuu wamekuwa wakija kuuliza jinsi wenyeji na wakimbizi wanavyoishi, lugha wanayoelewana nayo, wanavyooana na wanavyozikana. Wengi wao hawajui Kikakwa wala Kibangala. Hapo ndipo mwalimu huitwa.

Nami niliitwa, na si kwa sababu ya cheti changu. Wazazi wangu walivuka mpaka baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, nami nikasomea upande wa Zaire. Nyumbani tulisema Kikakwa, darasani Kifaransa, sokoni Kibangala, na kwa madereva wa Bunia tulijifunza Kiswahili. Niliporudi nikakuta Kiingereza kinanisubiri. Mtoto aliyekulia ukimbizini huwa mkalimani mapema, kwa kuwa asiyejua kusema hapati chakula.

Mwanafunzi niliyemsaidia alikuwa kijana mwenye adabu, akiandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu mawasiliano kati ya wakimbizi na wenyeji. Tulikaa chini ya mwembe na mama mmoja mkimbizi anayeuza unga wa muhogo. Kijana akauliza kwa Kiingereza: mnaishi vipi na wenyeji, hasa kuhusu kuni? Nikamfasiria. Mama, ambaye aliwahi kukaa Bunia, alijibu kwa Kiswahili huku akisawazisha unga kwenye kikombe cha kupimia: "Tuko tu."

Jua lilikuwa kali na watu sita walikuwa bado wanangoja kuhojiwa. Nikamwambia kijana kwamba mama anasema hakuna tatizo, wanaishi vizuri. Kalamu ikaandika.

Baada ya miezi kadhaa kijana aliniletea nakala ya tasnifu, jambo ambalo ni wachache wanaolifanya. Nikaikuta sentensi yangu ndani ya alama za kunukuu, imewekwa kinywani mwa mama. Kwa kujisifu nikawasimulia watu kwamba Lobule imeingia chuo kikuu na kwamba imeandikwa kuwa hapa hakuna ugomvi.

Majivuno yangu yalizaa tunda chungu. Katika kikao cha kijiji kuhusu kuni, mtu mmoja alisimama akasema hata utafiti umeonyesha kuwa hakuna tatizo, basi tunajadili nini? Kikao kikafungwa. Jioni mama alinifuata nyumbani.

"Mwalimu, mimi nilisema hayo?"

Nikanyamaza.

"Nilisema tuko tu. Sikusema tuko vizuri. Juma lile mzigo wangu wa kuni ulichukuliwa njiani, na panga pia. Ningelisemaje mbele ya watu, na mwenye shamba ni jirani yangu?"

Kila aliyewahi kulala kwenye ardhi ya watu anaijua "tuko tu". Mama yangu mzazi aliitumia Zaire miaka yote tuliyokaa kule. Mtu huisema akiwa amechoka lakini hana pa kwenda, na pia akiwa hajui anayesikiliza atalipeleka wapi neno lake. Mimi, niliyelelewa na neno hilo, ndiye niliyelipoteza.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni madogo. Sifa ya West Nile huko nje imejengwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuja kutuuliza maswali. John Middleton wa Oxford aliingia kwa Walugbara mwaka 1949 akiwa mwanafunzi wa uzamivu, na kitabu chake kuhusu dini ya Walugbara kikatoka mwaka 1960. Alishughulika sana na neno moja, "ole". Mzee aliyedharauliwa na vijana wake huwa na ole, nayo huwafanya mizimu wamwadhibu mkosaji. Hiyo ni haki yake. Lakini mchawi naye ana ole, na yake ni kijicho. Neno ni lilelile, na anayelitumia ndiye anayeligeuza. Mkalimani mwenye haraka angeandika "hasira" akaendelea na safari. Middleton huyohuyo baadaye aliwageukia watu wa pwani, na mwaka 1992 akatoa kitabu kuhusu ulimwengu wa Waswahili.

Mark Leopold, naye wa Oxford, alifika Arua katika miaka ya 1990. Kitabu chake cha mwaka 2005 kinasimulia historia yetu kinyumenyume, kuanzia siku zile hadi enzi za watumwa na pembe za ndovu, ili kuonyesha jinsi sifa ya ukatili tuliyobandikwa ilivyotengenezwa na wengine kabla ya Amin. Naye Barbara Harrell-Bond aliwachunguza Waganda waliokimbilia upande wa Yei mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitabu chake cha mwaka 1986 kiliyalaumu mashirika ya misaada kwa kuwaamulia wakimbizi mambo bila kuwauliza.

Wafanyabiashara wa mpakani nao wamo vitabuni. Mbelgiji Kristof Titeca aliandika mwaka 2006 kuhusu vijana wa Arua waliouza mafuta ya magendo kwenye madumu kando ya barabara, wale tuliowaita OPEC. Biashara hiyo ilikuwa na mizizi katika maisha ya ukimbizini. Mwaka 2010, yeye na mwenzake walieleza kwamba mpakani kwetu kuna sheria ya serikali, na kuna kanuni zisizoandikwa ambazo mchuuzi na ofisa wote wanazijua. Aliye sokoni hahitaji kuambiwa hilo. Lakini likiandikwa vibaya, likitaja njia au kijiji kwa uzembe, mchuuzi mmoja anaweza kulipia maneno ya wote.

Je, tuwafukuze watafiti? La hasha. Bila wao, mengi ya wazee wetu yangezikwa pamoja nao. Lakini tujue haki zetu. Mtafiti anapaswa kuwa na kibali cha Baraza la Kitaifa la Sayansi na Teknolojia, na akitaka kuingia katika makazi ya wakimbizi, aruhusiwe pia na Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwombe barua yake uisome, au usomewe. Unaweza kukataa swali, unaweza kuacha mazungumzo katikati, na jina lako si lazima liandikwe. Muulize pia matokeo yatarudi kwako kwa lugha gani. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kufundishwa katika shule za msingi na sekondari mwaka 2022, mwaka uleule Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kurasa mbili za muhtasari kwa Kiswahili si mzigo kwa mwenye shahada.

Nasi wakalimani tuna deni. Neno usiloweza kulihamisha, liache kama lilivyo, kisha ulieleze. Ukichoka, sema umechoka.

Nilimwandikia yule kijana, nikamweleza kosa langu. Alinijibu kwamba tasnifu imekwisha pita, ila katika makala aliyokuwa akiiandaa ataweka "tuko tu" kwa Kiswahili na maelezo yake. Hilo halikunitosha. Kikao kilichofuata nilisimama, nikawaambia wenzangu kwamba ule "utafiti" ulikuwa ulimi wangu mimi, na kwamba sitamtaja aliyeumizwa. Baadhi walicheka. Mzee mmoja hakucheka. Aliuliza kama kuna wengine waliokaa kimya kwa namna hiyo. Wanawake watatu wakainua mikono, wawili wakimbizi na mmoja mwenyeji. Suala la kuni likafunguliwa upya.

Panga la mama halijaonekana hadi leo. Nilipompitia sokoni juma lililopita na kumwuliza hali, alinitazama, akatabasamu kidogo.

"Tuko tu, Mwalimu. Hiyo nayo utaiandikaje?"