Kwa nini mashine ya risiti hutoa alama zisizosomeka

MASHINE ya kuchapisha risiti inapoanza kutoa alama zisizosomeka badala ya majina ya bidhaa na bei, wenye maduka wengi hudhani imeharibika. Wapo wanaoitupa na kununua nyingine. Aghalabu mashine yenyewe huwa nzima. Kilichovurugika ni maelewano baina yake na tarakilishi.

Tarakilishi huhifadhi kila herufi kwa kutumia tarakimu mbili tu, sufuri na moja. Herufi A kubwa, kwa mfano, ni 01000001. Tarakimu hizo nane zaweza kutumwa zote kwa mpigo, kila moja katika waya wake, au zikapangwa foleni na kupitishwa moja baada ya nyingine katika waya mmoja.

Mtu angetarajia njia ya kwanza iwe bora. Lakini kasi inapoongezeka na nyaya kurefuka, tarakimu zilizoondoka pamoja hufika kwa nyakati zinazotofautiana kidogo, zikachanganyika na za kundi linalofuata. Foleni haina taabu hiyo, na huhitaji nyaya chache. Ndiyo sababu USB, iliyozinduliwa mwaka wa 1996, ilifuata njia ya foleni na hatimaye kuzifukuza zile kebo nene za mashine za kuchapisha.

Ugumu wa foleni ni kujua tarakimu moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Mfumo wa RS-232, ulioanzishwa Marekani mwaka wa 1960 na ambao bado unapatikana katika mizani na mashine nyingi za risiti, kwa kawaida hutuma herufi bila waya wa kubeba mapigo ya saa. Waya usipokuwa na ujumbe hukaa katika hali ya moja. Mtumaji akitaka kuanza, hupeleka sufuri, mithili ya mgeni anayebisha hodi. Mpokeaji naye huanza kuhesabu muda, akipima hali ya waya katikati ya kila tarakimu hadi zitimie nane. Kisha hufuata moja ya kufunga herufi.

Hivyo kila herufi hugharimu tarakimu kumi. Kwa kasi ya tarakimu 9,600 kwa sekunde, herufi 960 hupita.

Hapa ndipo hasara ya mwenye duka huzaliwa. Tarakilishi ikituma kwa kasi ya 9,600 na mashine ikapokea kwa 4,800, mpokeaji hupima mara moja huku tarakimu mbili zikipita. Matokeo ni vurugu tupu. Tofauti ndogo ya saa, tuseme asilimia moja, haidhuru, kwa kuwa hesabu huanza upya kwa kila herufi.

Baadhi ya mifumo huongeza tarakimu ya ukaguzi, ili idadi ya moja iwe shufwa. Tarakimu moja ikigeuka njiani, kosa hugunduliwa. Zikigeuka mbili, hupita bila kushukiwa. Pande zote mbili lazima zikubaliane kuhusu ukaguzi huo pia.

Mashine nyingi za risiti huchapisha mipangilio yake zinapowashwa huku kitufe cha kusogeza karatasi kimebonyezwa. Kabla ya kuitupa mashine, mwenye duka anaweza kulinganisha kasi iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo na ile iliyowekwa katika tarakilishi. Kazi hiyo haihitaji fundi wala bisibisi.