Sufuria la Makindu

Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa kwa barabara, mpwa wangu, utapita Makindu, kwetu Makueni. Hapo chungulia dirishani. Utaona bendera ya rangi ya machungwa, na mlingoti wake umevikwa kitambaa cha rangi hiyohiyo. Hapo ndipo hekalu la Makalasinga. Wenyewe huliita gurudwara.

“Mjomba, nani alilijenga huku?”

Swali zuri hilo! Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi 1899. Maelfu ya mafundi na vibarua waliletwa kutoka India, wakiwemo Makalasinga wa Punjab. Makindu ikawa stesheni kubwa, na Makalasinga wa reli wakawa wanakusanyika hapo kusali. Mwaka wa 1926 wakajenga hekalu.

Ukifika, vua viatu, nawa mikono, funika kichwa kwa kitambaa. Ndani ya ukumbi wa sala kila mtu huketi chini kwenye zulia, mkubwa kwa mdogo. Kilichoinuliwa ni kitabu kitakatifu tu, Guru Granth Sahib, kilichofunikwa vitambaa vya kupendeza. Usiku hubebwa kichwani, kikalazwa kitandani mwake kwa heshima, kama bibi yako anavyosindikizwa chumbani akalale.

“Kitabu kina kitanda?”

Kina kitanda! Umesikiliza vizuri, mwanangu.

Sasa twende jikoni, maana hekalu hili bila jiko si hekalu. Sikia, sufuria kubwa linasema:

“Mimi napika dengu. Dereva wa lori akija, karibu ule. Mwenye gari la kifahari akija, karibu ule. Mkamba, Mhindi, Mwislamu, Mkristo, karibu ule!”

“Tunalipa pesa ngapi?”

Hulipi. Mwenye chochote hutoa sadaka kwa hiari, asiye nacho hula vilevile. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Makalasinga, aliyezaliwa mwaka wa 1469, alifundisha kwamba binadamu wote ni sawa. Ndiyo maana chakula ni kimoja kwa wote: dengu, chapati, chai ya maziwa. Msafiri aliyechoka hupewa hata mahali pa kulala.

“Na nyama?”

Nyama haipikwi, ili asiwepo mgeni wa kusema chakula hiki dini yangu imekikataza.

“Je, nikitaka chapati ya pili?”

Omba, utaongezewa. Ya tatu pia omba. Ila chukua ile utakayoimaliza, mpwa wangu, kwani nyuma yako wako wengine kwenye foleni.