Magurudumu ya baiskeli za mashindano: dola 400 zinanunua nini?

WANUNUZI wa magurudumu ya baiskeli za mashindano wenye mfuko wa wastani wako katika nafasi nzuri kuliko ilivyokuwa mwaka 2021, lakini ndio pia walio karibu zaidi na hasara. Bei zimelegea na aina zimeongezeka. Wingi huo wa mali umefanya iwe rahisi kwa mtu kulipia jozi inayong'ara ambayo haiingii kwenye fremu yake, au inayoingia lakini spoki yake moja ikikatika hakuna duka la karibu lenye ya kufanana nayo.

Chanzo cha unafuu wa bei kinajulikana. Wakati wa Covid-19, mwaka 2020 na 2021, mahitaji ya baiskeli Ulaya na Marekani yalipanda ghafla, viwanda vya Taiwan na China vikaelemewa na oda, na wenye maduka kwa hofu ya kukosa wakaagiza kupita kiasi. Mzigo ulipowasili, wateja walikwishapoa. Maghala yalijaa mwaka 2022 na 2023, na walioumia hawakuwa wadogo tu. Oktoba 2023 kampuni ya Wiggle na Chain Reaction Cycles, wauzaji wakubwa wa Uingereza, iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi baada ya mmiliki wake, Signa Sports United, kuishiwa nguvu. Kabla ya hapo, Mavic ya Ufaransa, jina kongwe katika biashara hii ya magurudumu, iliingia chini ya ulinzi wa mahakama Mei 2020 na kununuliwa na kundi la Bourrelier miezi miwili baadaye. Muuzaji anapotaka kugeuza mali kuwa fedha taslimu, mnunuzi mwenye subira hupata nafuu.

Sababu ya pili ni breki. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, liliruhusu rasmi breki za diski katika mashindano ya barabarani kuanzia Julai 2018, na tangu hapo watengenezaji wameziacha hatua kwa hatua breki za zamani zinazobana ringi. Waliobadilisha baiskeli wamebaki na magurudumu mazuri wasiyoyahitaji, na hayo sasa yanauzwa kama mitumba kwa bei ambayo haina uhusiano na gharama ya kuyatengeneza. Mwenye fremu ya breki za ringi, ambaye huambiwa kila siku kuwa amepitwa na wakati, ndiye anayenunua kwa bei nzuri kuliko wote.

Ngazi za bei ziko hivi. Jozi ya alumini inayokuja na baiskeli ya bei ya kawaida huwa na uzito wa gramu 1,900 hadi 2,100 bila tairi, na kuinunua peke yake ni kati ya dola 100 na 150. Kati ya dola 300 na 500 kuna alumini ya daraja la kati, mfano Campagnolo Zonda ya Italia, ambayo toleo lake la breki za ringi lilitangazwa kuwa na gramu zipatazo 1,540. Kwa fedha hizo hizo, au kuzidi kidogo, zinaanza kaboni za viwanda vya China. Kaboni za majina makubwa huanzia dola elfu moja na kitu, na nyingine hupita 2,500.

Muuzaji kwa kawaida huanza na uzito, kwa sababu uzito unapimika kwenye mizani mbele ya mteja. Tuchukue gramu 400, tofauti ya jozi nzito na jozi nzuri. Mwendeshaji pamoja na baiskeli yake ni kilo 80. Gramu 400 ni nusu ya asilimia moja. Katika mlima wa nusu saa, hata tukichukulia kuwa nguvu zote zinakwenda kupambana na mlima, anaokoa sekunde 9. Husemwa pia kuwa gramu ya kwenye gurudumu huhesabiwa mara mbili. Hiyo ni kweli karibu na ukingo wa gurudumu, na ni wakati wa kuongeza kasi tu; ukishakuwa katika mwendo ule ule, mlimani au tambarare, gramu ni gramu. Kwa mshindani anayepigania nafasi, sekunde 9 zina thamani. Kwa anayeendesha Jumapili asubuhi na wenzake, dola 400 kwa sekunde 9 ni biashara ya kufikiriwa upya.

Upepo una hesabu nyingine. Ringi yenye kina cha milimita 50 hupunguza upinzani wa hewa kuliko ringi fupi, na faida hiyo huonekana katika mwendo wa kilometa 40 kwa saa. Kwa mwendo wa kilometa 25 inabaki kidogo sana, na upepo wa pembeni ukivuma ringi ndefu huvuta usukani. Mwepesi wa mwili hulihisi hilo kuliko mzito.

Kinachosahaulika ni tairi. Jozi ya tairi nzuri za mashindano, mfano Continental Grand Prix 5000, ikichukua nafasi ya tairi ngumu za bei rahisi zinazokuja na baiskeli mpya, huokoa wati kadhaa kwa jozi, tena katika kila mwendo, mlimani na tambarare. Hakuna gurudumu la dola 400 linaloweza kuahidi hivyo bila kujali kasi. Kwa hiyo mwenye dola 400 ambaye bado ana tairi za kiwandani anastahili kutenga kwanza sehemu ya fedha hizo kwa tairi, ndipo aulize kilichobaki kinanunua gurudumu gani. Wauzaji wachache humwambia hivyo mteja aliyekwisha kutoa pochi.

Baada ya hapo ni suala la kuingia au kutoingia. Fremu nyingi za breki za ringi hutumia ekseli nyembamba ya kufungua kwa mkono, upana wa milimita 100 mbele na 130 nyuma. Za diski za siku hizi hutumia ekseli nene ya milimita 12 inayopenya, na nyuma upana wake ni 142. Baadhi ya habu hubadilishwa kwa vipande vya pembeni, lakini 130 haigeuki kuwa 142. Kisha kuna frihabu, yaani kile kipande kinachobeba gia za nyuma. Ya Shimano ya gia 11 ni ndefu kwa milimita 1.85 kuliko ya gia 8, 9 na 10. Gia 10 zitakaa kwenye frihabu ya 11 kwa kuongezewa pete, lakini gia 11 za barabarani hazikai kwenye frihabu ya zamani. Campagnolo ina umbo lake, na gia 12 za SRAM zinazoanza na jino la 10 zinataka frihabu ya XDR. Mitumba mingi inayoitwa ya bei ya kutupa ni rahisi kwa sababu hii tu. Anayejua kuwa frihabu ya modeli ile bado inapatikana na inabadilishwa kwa dakika kumi anapata mali. Asiyejua anapata pambo la ukutani.

Hapa ndipo penye jambo zito kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, ambako duka la spea liko mbali. Magurudumu ya kiwandani yenye sura ya kisasa hupata wepesi kwa kupunguza spoki, 16 au 18 mbele na 20 au 21 nyuma, na nyingi ni za umbo la pekee. Mavic Ksyrium ilijulikana kwa spoki zake bapa za alumini. Spoki kama hiyo haitengenezwi na mtu mwingine, na modeli ikiondolewa sokoni spea zake hupotea taratibu. Zaidi ya hayo, gurudumu la spoki 20 likikatikiwa na moja hupinda kiasi cha kugusa breki au fremu, na safari huishia hapo. La spoki 32 huyumba, lakini humfikisha mtu nyumbani.

Kwa sababu hiyo jozi ya kusukwa kwa mkono, ambayo haimo katika matangazo mengi, inastahili kuangaliwa. Habu za Shimano za daraja la kati, ringi kama DT Swiss R 460, na spoki za kawaida zenye kichwa kilichopinda, unene wa milimita 2.0 nchani na 1.8 katikati, za Sapim ya Ubelgiji au DT Swiss. Uzito wake ni gramu 1,800 hadi 1,900, kwa hiyo haishindi mizani ya mtu yeyote. Lakini habu za aina hiyo hufunguliwa kwa spana nyembamba, husafishwa, hutiwa grisi na gololi mpya, na spoki zake zinaweza kununuliwa moja moja kwa urefu. Ringi ikichakaa inatolewa, habu inabaki. Mwenye kilo 85 na zaidi, au anayepita barabara zenye mashimo, achukue spoki 28 mbele na 32 nyuma bila kuona haya. Sharti ni fundi anayejua kukaza spoki kwa usawa. Bila huyo, vifaa vizuri vitalegea ndani ya mwezi.

Kaboni ya bei nafuu haina ubaya kwa jina tu. Ringi nyingi zinazouzwa kwa majina ya Ulaya hutoka katika viwanda vya China na Taiwan, na Xiamen, katika jimbo la Fujian, ni kitovu kimojawapo kinachojulikana. Kwa breki za diski, ambako ringi haibanwi wala kupata joto, kaboni ya dola 500 kutoka kwa muuzaji anayejibu barua na kutoa dhamana inaweza kuwa ununuzi wa akili. Kwa breki za ringi hali ni tofauti: mteremko mrefu hupasha ringi joto, na gundi inayoshika nyuzi ikilainika ringi huvimba au kupasuka. Hapo bei nafuu ni hatari ya mwili. Jambo jingine ni ringi zisizo na ukingo wa kushika tairi. Kiwango cha kimataifa kinaziwekea kikomo cha upepo cha bar 5, yaani psi 72.5, na hazikubali kila tairi. Mwendeshaji aliyezoea kujaza psi 100 aulize kabla ya kulipa, na fundi wake aambiwe.

Kwa mitumba, uchunguzi ni wa dakika chache. Ringi ya alumini ya breki za zamani huliwa na pedi kidogo kidogo. Ukuta ukiwa umebonyea kama kisahani kikiwekewa rula, au alama ya uchakavu imefutika, iachwe, kwa kuwa inaweza kupasuka ikiwa na tairi lililojaa. Nyufa zitafutwe kwenye matundu ya spoki. Ekseli ikizungushwa kwa vidole isikwaruze. Spoki zibanwe mbili mbili kuona kama upande mmoja umelegea. Muuzaji anayekataa tairi litolewe amekwisha kujibu swali.

Hesabu ya mwisho ni bandarini. Jozi ya dola 400 yenye usafirishaji wa dola 80 inafika kwa thamani ya 480, na kodi huhesabiwa juu ya hiyo 480. VAT peke yake, kabla ya kuhesabu ushuru wa forodha ambao nao huongeza msingi wa VAT, ni dola 76.80 kwa Kenya yenye asilimia 16, na 86.40 panapotozwa asilimia 18, kiwango cha kawaida cha Tanzania, Uganda na Rwanda. Jozi ya dola 400 kwa hakika ni jozi ya dola 560 na zaidi.

Mchezo wenyewe umepata jina katika ukanda huu. Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya UCI Septemba 2025, ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za wanaume za kilometa 267.5 zenye milima ya jumla ya zaidi ya mita 5,400. Mfanyabiashara anayetaka kufuata mahitaji yatakayotokana na hilo asikimbilie kaboni. Mtaji mdogo unazunguka haraka zaidi katika tairi nzuri, gololi, frihabu za gia 11 na spoki za kawaida za urefu tofauti zinazopishana kwa milimita mbili, kwa kuwa kila jozi iliyoingia nchini, ya bei yoyote, itarudi dukani kuzitafuta.