Pima kadi ya sauti kabla ya kuweka kaseti

Hapa Arusha zimerekodiwa sauti ambazo haziwezi kurudiwa. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyopangiwa makao hapa mwaka 1995 na kufungwa mwishoni mwa 2015, iliacha maelfu ya saa za rekodi, kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Majumbani nako, kuanzia Sanawari hadi Usa River, zimo kaseti za kwaya, za harusi, za wazee waliokwisha fariki. Kanda huchakaa, na watu wanazihamishia kwenye kompyuta. Je, shahidi akinong'ona, au bibi akishusha sauti, kompyuta itamsikia?

Kinachoamua ni kadi ya sauti, kile kipande kinachogeuza sauti kuwa tarakimu. Boksi lake huandikwa biti 16 au 24. Kila biti ni desibeli 6 hivi. Kwa hiyo biti 16 ni kama desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na ukimya. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Ndani ya kompyuta mna umeme unaovuma kila upande, na kadi yenye sifa kubwa yaweza kukupa 70 tu.

Kupima hakuhitaji maabara. Kwa waya mfupi, unganisha tundu la kutolea sauti na lile la kuingizia. Piga mlio wa mitetemo 1,000 kwa sekunde huku ukiurekodi, upandishe hadi karibu na kikomo bila mawimbi kukatwa vichwa. Kisha zima mlio, rekodi ukimya bila kugusa kitu kingine. Tofauti ya viwango hivyo viwili ndiyo namba yako ya kweli. Tazama pia kama pamezuka milio ya 2,000 na 3,000 ambayo hukuipiga. Hapo kadi inapotosha. Programu iitwayo RightMark Audio Analyzer hufanya vipimo hivi yenyewe. Ila unapima kutoa na kuingiza kwa pamoja, kwa hiyo ubovu waweza kuwa upande wowote.

Sasa wauza vifaa mnisamehe. Kaseti ya kawaida yenyewe ina desibeli 50 hadi 60 hivi. Kadi iliyopimwa ikatoa 80 inatosha kabisa. Biti 24 haziwezi kuleta neno ambalo kanda haikulishika.

Adui hasa ni mvumo wa mitetemo 50, yaani umeme wa nyumbani. Mvumo huo haupumziki. Ukiuona kwenye kipimo, chomoa chaja, tumia betri, pima tena. Mara nyingi hupungua. Kisha ondoa ule waya, unganisha redio kaseti, iwashe bila kucheza kanda, na urekodi ukimya mara nyingine. Mvumo ukirudi, chomeka vyombo vyote viwili kwenye soketi moja. Ukimya ukitulia, weka kanda.