Maji Ndiyo Saa ya Maua ya Uvira

Kandokando ya Ziwa Tanganyika, huko Uvira, ambako ni takriban nyuzi 3 na nusu tu kusini mwa ikweta, mchana mrefu kuliko yote ya mwaka hauuzidi ule mfupi kwa nusu saa, na jambo hilo, ambalo wakazi hawana sababu ya kulitambua, ndilo linalotenganisha ukuzaji wa maua ya vyunguni wa huku na ule wa Ulaya.

Mwaka 1920 Wamarekani Garner na Allard walieleza kwamba mimea mingi huchanua kwa kufuata urefu wa mchana na usiku. Kwa sababu hiyo wakulima wa Ulaya huifunika kalankoe ya Madagaska kwa kitambaa cheusi, ili usiku urefuke na maua yawahi soko. Kwa mimea mingi ya asili ya Afrika ya tropiki kitambaa hicho hakina kazi, kwa kuwa saa yake ni mvua.

Mfano ulio wazi ni Scadoxus multiflorus, mmea wa jamii ya amarilisi unaoota kwa kitunguu, ambao hupoteza majani wakati wa kiangazi, ukalala chini ya udongo, kisha mvua za kwanza zinaponyesha hutoa kikonyo chenye tufe la vijiua vyekundu, mara nyingine kabla hata ya majani. Mkuzaji huiga mwendo huo: majani yakianza kuwa ya manjano hupunguza maji, huacha chungu kikavu kivulini kwa miezi miwili au mitatu, ndipo humwagilia vizuri. Anayetaka maua yachelewe kidogo huchelewesha maji. Anayemwagilia kwa huruma wakati wa usingizi huozesha kitunguu. Kitunguu hicho kina sumu, hivyo chungu kisiachwe mahali wanapofika watoto na mbuzi.

Umbo la mmea lina kanuni nyingine. Ncha ya shina hutengeneza oksini, yaani homoni inayozuia machipukizi ya pembeni, na ikikatwa, matawi hufumuka, kama inavyoonekana kwa Impatiens walleriana ya Afrika Mashariki. Mashamba makubwa hutumia dawa zinazozuia jiberelini, homoni ya kurefusha shina, lakini kwa vyungu vitano vya barazani ukucha unatosha kukata ncha. Samadi ikizidi, majani hunenepa na maua huadimika.

Urujuani wa Usambara, ambao mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire katika miaka ya 1890, haufuati saa hata moja kati ya hizo mbili: hauhitaji usiku mrefu wala ukame, bali mwanga mwingi usio mkali, na ukipata mwanga huo huweza kuchanua karibu mwaka mzima. Jua la adhuhuri la Uvira huunguza majani yake, na maji ya baridi yaliyotoka mtungini muda huohuo huyaachia madoa yasiyofutika.