Tabia ya Mtu Mzima Nayo Husogea

Tabia, kama wanasaikolojia wanavyoieleza, ni namna ya kuwaza, kuhisi na kutenda ambayo mtu huirudia, leo sokoni na kesho msibani. Aliyefoka siku ya njaa si lazima awe mkali. Hojaji nyingi hupima mambo matano: uchangamfu, upole, bidii na mpangilio, udadisi wa mambo mapya, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila mtu ana yote matano. Tofauti ni kiasi. Hata hivyo orodha hiyo haishiki kila mahali. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake waliijaribu kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, na yaliyojitokeza wazi yakawa mawili tu: kuishi vizuri na watu, na kuchapa kazi. Mkulima wa Msambweni, huko Kwale katika pwani ya Kenya, akiipokea kwa tahadhari, ana haki.

Ugumu wa kuitambua tabia ya mtu unaonekana vyema Diani, penye hoteli za kitalii hukohuko Kwale. Mhudumu wa hoteli huwachekea wageni tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha jioni, kisha hupanda matatu kurudi Ukunda bila kutamka neno. Ni mchangamfu au ni mkimya? Kazini pekee hapatoshi kumhukumu, kwa sababu pale tabasamu ni sehemu ya mshahara. Itafaa atazamwe pia harusini, barazani, na saa ambazo hakuna anayemlipa. Mwaka 2020 Kenya iliposimamisha safari za ndege za kimataifa mwezi Machi, hoteli nyingi za pwani hiyo zilifungwa na wafanyakazi wakarudi vijijini, wengine shambani, wengine baharini. Kipindi cha namna hiyo hufichua mengi: aliyejiona mtu wa kuamka alfajiri hugundua kama desturi hiyo ilikuwa yake au ya ratiba ya zamu. Lakini zamu nazo, zikirudiwa miaka mingi, huacha alama. Lililoanza kama sharti la kazi huweza kuwa la mtu mwenyewe.

Wahenga walishauri samaki akunjwe angali mbichi, na William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1890 kwamba ifikapo miaka 30 tabia huwa imekauka kama plasta. Takwimu hazikumuunga mkono. Mwaka 2006 Brent Roberts na wenzake waliunganisha matokeo ya sampuli 92 za watu waliofuatiliwa kwa miaka, wakaona bidii na utulivu wa moyo huongezeka, hasa kati ya miaka 20 na 40. Uchunguzi wa Wiebke Bleidorn na wenzake katika nchi 62, wa mwaka 2013, uligundua kwamba vijana wanapoanza kazi mapema, kukomaa huko nako huja mapema.

Mabadiliko hayo ni ya polepole, na kwa miaka michache aliye mchangamfu kuliko wa rika lake kwa kawaida hubaki hivyo. Miaka mingi ni jambo jingine. Huko Uskoti, walimu waliwapima tabia watoto wa miaka 14 mwaka 1950; baadhi yao walipopimwa tena wakiwa na miaka 77, matokeo hayakufanana na yale ya utotoni karibu hata kidogo.

Mtu mwenyewe hayaoni mabadiliko yake kwa urahisi. Watu zaidi ya 19,000 walioulizwa na Jordi Quoidbach na wenzake walikiri kubadilika sana miaka 10 iliyopita, lakini hawakutarajia kubadilika sana miaka 10 ijayo. Simine Vazire naye alionyesha mwaka 2010 kwamba mtu huujua wasiwasi wake kuliko rafiki, ilhali rafiki hupima akili yake vizuri zaidi. Kijiji nacho ni shahidi, ila kina kumbukumbu ndefu mno: aliyeiba maembe utotoni huweza kuitwa mwizi hata akiwa na wajukuu.

Kutaka kubadilika hakutoshi. Nathan Hudson na wenzake, mwaka 2019, waliwapa wanafunzi wa Marekani vitendo vidogo vya kila wiki kwa wiki 15, kama kumsalimu mtu wasiyemjua. Waliovitimiza walisogea kuelekea tabia waliyoitaka. Waliovichagua bila kuvitenda hawakufaidika. Wiki 15 ni zaidi ya Ramadhani tatu, na wengi Kwale wanajua jinsi subira ya mwezi mmoja inavyoweza kuyeyuka wiki ya Idi.