Hatua zilizopotea wakati wa karantini

Aprili 2020, Rais Yoweri Museveni wa Uganda, akiwa na miaka 75, alionekana kwenye video akikimbia peku ndani ya ofisi yake, kisha akapiga pushapu 30. Siku chache kabla alikuwa amewakataza wananchi kukimbia mabarabarani ili kuzuia korona, naye alitaka kuwaonyesha kwamba mazoezi hufanyika hata ndani.

Ni kweli hufanyika. Lakini kilichotutoka wakati ule kilikuwa kikubwa kuliko mazoezi. Mkazi wa Kampala aliyezoea kwenda stendi ya takisi kwa miguu, kupanda ngazi za ofisi na kuzunguka soko la Owino akitafuta bei nafuu, hayo yote hakuyahesabu kuwa mazoezi. Alipofungiwa ndani yaliondoka kimyakimya, na pushapu 30 haziwezi kuyafidia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walipima hasara hiyo kupitia programu ya simu inayohesabu hatua, kwa watu zaidi ya 455,000 katika nchi 187. Ndani ya siku 30 tangu janga litangazwe, hatua za kila siku zilikuwa zimepungua kwa asilimia 27. Nchini Italia, iliyofungia watu wake kwa ukali, zilipungua karibu nusu. Sweden, ambako watu waliendelea kutoka, ni asilimia 7 tu. Bila shaka waliopimwa ni wenye simu janja. Mama aliyeendelea kulima shamba lake hakuwamo.

Utafiti mwingine wa kimataifa, uliohoji watu wapatao 1,000, ulionyesha kuwa muda wa kukaa kitako ulipanda kutoka saa 5 hadi 8 kwa siku.

Kwa nini kukaa tu kunadhuru? Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Basi lilikuwa moja na moshi ule ule, lakini madereva, waliokaa kutwa, waliugua zaidi moyo kuliko makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Leo tunajua zaidi kinachotokea mwilini. Misuli ya mapaja inapojikunja huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa kidogo. Misuli ya mashavu ya miguu nayo husukuma damu irudi juu kwenye moyo. Ukikaa saa nyingi mfululizo kazi zote mbili hudorora: sukari hukawia kwenye damu baada ya mlo, na damu hutuama miguuni. Kwa mwenye kisukari au presha, hilo si jambo dogo.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu zaidi ya milioni moja, ulionyesha kwamba anayekaa saa 8 au zaidi huhitaji dakika 60 hadi 75 za kutembea kwa kasi kila siku ili kuondoa hatari ya kufa mapema inayoletwa na kukaa huko. Ni nyingi, najua. Habari njema ni kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Novemba 2020 umefuta sharti la zamani la dakika kumi mfululizo. Kufagia uani, kuchota maji, kutembea kwa kasi unapoongea na simu, vyote vinahesabika kuelekea dakika 150 hadi 300 kwa wiki.

Kuhusu moyo wenye huzuni, lazima tuseme kwa uangalifu. Waliopunguza kutembea waliripoti wasiwasi na msongo zaidi, lakini aliyekata tamaa naye hukosa nguvu ya kuinuka, kwa hiyo si rahisi kujua kipi kilianza. Lisilo na ubishi ni kwamba mwanga wa asubuhi husaidia mwili kupanga usingizi, na aliyefungiwa chumba kimoja na watoto wanne haupati.

Ufaransa, pamoja na ukali wake, iliruhusu saa moja ya mazoezi ndani ya kilomita moja kutoka nyumbani. Uhispania iliwafungulia watoto saa kama hiyo kuanzia Aprili 26, 2020. Wizara zetu za afya ziiandike ruhusa ya namna hii kwenye mipango ya dharura sasa, wakati hakuna hofu, na zianze na mitaa ambayo nyumba hazina ua.